Kutoa injini ya upepo ili ufunge nyingine ya upepo

Swali: "Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1963, injini yake ni ile ya cc 1,200. Inawaka vizuri, lakini mlimani inalegea mpaka malori yananipita. Fundi wangu anashauri niitoe nifunge injini nyingine ya Volkswagen, iitwayo Type 4, ya lita mbili. Rafiki yangu anacheka. Anasema nikitaka nguvu nifunge injini ya kisasa yenye rejeta, na nikitaka gari la kale niliache lilivyo. Sasa sielewi: mtu anatoaje injini inayopozwa kwa upepo kisha anafunga nyingine inayopozwa kwa upepo vilevile? Anapata nini?"

Jibu:

Rafiki yako amekuonyesha njia mbili kana kwamba ya tatu haipo. Ipo, na waliotangulia kuipita ni viwanda vyenyewe. Mwaka 1957 Steyr-Puch wa Austria walichukua bodi ya Fiat 500, wakaiacha injini ya Fiat na kufunga ya kwao, yenye silinda mbili zinazotazamana, nayo ikipozwa kwa upepo. Porsche 912 iliyotoka mwaka 1965 ni bodi ya 911 yenye injini ya silinda nne iliyorithiwa kutoka Porsche 356 iliyotangulia. Citroën walifanya hivyo mwaka 1973: Ami ya silinda mbili ikapewa injini ya gari lao jingine, GS, ya silinda nne, cc 1,015, wakaiita Ami Super. Kwa hiyo anayefunga injini ya upepo nyingine kwenye gari la upepo hajabuni wazimu mpya. Anafanya katika karakana ndogo kile ambacho kiwanda kilifanya ama kingeweza kufanya.

Sababu ya kwanza ni ya umbo. Gari kama lako lilichorwa kuzunguka namna moja ya kutoa joto. Mbele hakuna tundu la kuingizia upepo wa rejeta, chini ya sakafu hakuna njia ya mabomba ya maji, na nyuma chini ya kioo kuna zile nyufa ambazo wengi hudhani ni urembo: hapo ndipo injini inapovutia hewa. Injini yenyewe haina miguu yake. Imening'inia kwenye giaboksi kwa bolti nne, mbili juu na mbili chini. Ukipata injini nyingine ya upepo yenye matundu manne pale pale, umeshapata nusu ya kazi bila kukata bati hata inchi moja. Na siku ukijuta, unafungua bolti nne, unarudisha ya zamani, na gari halikumbuki kitu. Hilo la kuweza kurudi nyuma ndilo wenye magari ya kale wanalithamini kuliko nguvu farasi, ingawa ukiwauliza watakutajia nguvu farasi kwanza.

Sababu ya pili ni joto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Injini ya upepo haina maji ya kubeba joto. Ina vitu vitatu: mapezi (kingo nyembamba za kutolea joto) kwenye silinda na silinda hedi, feni inayosukuma hewa kupita kwenye mapezi hayo, na oili. Oili hapo si ya kulainisha tu. Inabeba sehemu kubwa ya joto na kulipeleka kwenye kipozea oili. Kwenye Beetle feni imefungwa kwenye ekseli ya dainamo, kwa hiyo mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Ndiyo maana taa nyekundu ya chaji ikiwaka safarini kwenye Beetle husemi "nitafika tu, betri ina moto". Unasimama hapo hapo, kwa sababu huenda feni nayo imeacha kuzunguka.

Injini yako ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Kipozea oili kimesimama ndani ya kasha la feni, upande wa kushoto, kwenye njia ya hewa inayokwenda silinda ya tatu. Hewa inayoifikia silinda hiyo imeshapitia kwenye oili ya moto. Tangu zamani mafundi wa Volkswagen wanajua kwamba Beetle ikiunguza valvu, anza kutazama namba tatu. Kiwanda chenyewe kilikiri kwa vitendo: distribyuta nyingi za injini hizo zilitengenezwa ziwashe plagi ya namba tatu ikiwa imechelewa kidogo kuliko zile nyingine, ili kuipunguzia joto. Kisha katika modeli za 1971 kipozea oili kikasogezwa mbele kikapewa njia yake ya hewa, na feni ikapanuliwa. Ukiona kasha la feni lenye kichumba kidogo kilichochomoza kama kibanda, ndilo hilo.

Kwa hiyo mtu anayeng'oa injini ya cc 1,200 ya 1963 na kufunga cc 1,600 ya miaka ya sabini hapati nguvu peke yake. Anapata pia njia bora ya kutoa joto. Nguvu nayo ipo: yako ina nguvu farasi 34 kwa kipimo cha Kijerumani, na 1,600 yenye milango miwili ya hewa kila upande ina 50. (Vitabu vya Marekani vya wakati ule vitakuandikia 40 na 60. Ni injini zile zile. Kipimo chao kilikuwa cha ukarimu. Usilinganishe namba ya kitabu kimoja na ya kingine, utajidanganya.) Lakini fikiria mlima wako. Injini ya cc 1,200 inaupanda ikiwa imekanyagwa hadi sakafuni, gia ya chini, mizunguko juu. Ile kubwa inaupanda kwa mwendo uleule huku ikiwa bado na akiba, kwa mizunguko michache, ikiwa na mapezi mengi zaidi ya kutolea joto. Injini ya upepo inayofanya kazi bila kukamuliwa huishi. Inayokamuliwa kila siku hufa kwa valvu, au kwa stadi (vyuma vyenye uzi vinavyoshika silinda hedi) kung'oka na uzi wake kutoka kwenye bloki, kwa sababu bloki hiyo imesubiwa kwa aloi ya magneziamu, madini mepesi sana lakini laini.

Hapo ndipo fundi wako anapoingia na Type 4 yake, na sitamcheka kama rafiki yako anavyocheka. Injini hiyo ilizaliwa mwaka 1968 pamoja na Volkswagen 411. Baadaye ikapewa Porsche 914, basi dogo la Volkswagen kuanzia modeli za 1972, na hata Porsche 912E ya mwaka 1976. Ilianza na cc 1,679, ikapanda hadi 1,795, ikaishia 1,971. Bloki yake ni ya aluminiamu, ngumu kuliko magneziamu. Ina filta ya oili ya kweli, ya kuzungusha kwa mkono, ambapo injini yako ina chujio la waya tu chini ya sampo. Inabeba oili lita tatu na nusu. Yako mbili na nusu. Kwa injini ambayo oili ndiyo maji yake, lita moja ya ziada si jambo dogo. Krankishafti, beringi na silinda hedi vyote ni vya watu waliokwisha kujifunza kutokana na makosa ya ile ya kwanza. Na giaboksi yako itaipokea, bolti nne zinakaa.

Mbona basi si kila Beetle ina Type 4? Kwa sababu kile kinachokaa ni bolti nne, na vingine vingi havikai. Feni yake imefungwa mwisho wa krankishafti, si juu kwenye dainamo, na kasha lake ni kubwa na linatokeza nyuma. Ndani ya basi lina nafasi. Ndani ya Beetle linagonga bati la nyuma. Hivyo wengi hununua kasha la kusimama linaloipandisha feni juu, pamoja na mabati mapya ya kuelekeza hewa, ekzosi ya kuchongwa kwa ajili hiyo maana matundu ya Type 4 hayaendani na ekzosi ya Beetle, na flaiwili yake (gurudumu zito linaloshika klachi) inayoshikwa na bolti tano badala ya nati moja kubwa katikati. Ukijumlisha, injini yenyewe huwa ndiyo kitu cha bei ndogo katika orodha. Nimewaona watu watatu walioanza kazi hiyo kwa furaha na kuiacha gari juu ya mawe mwaka mzima wakisubiri bati moja.

Jambo jingine: lita mbili si lita mbili. Injini ya cc 1,971 iliyotoka kwenye Porsche 914 ya Ulaya ilikuwa na nguvu farasi 100. Ya cc hizo hizo iliyotoka kwenye basi ilikuwa na 70. Hazikukosewa. Ya basi ina silinda hedi na pistoni za kuvuta mzigo polepole, ya Porsche ina valvu kubwa na hedi za namna nyingine. Muuzaji atakuambia "ni ya Porsche hii" kwa sababu namba ya bloki inafanana na kitu alichosoma. Tazama hedi. Kwa mlima wako, kusema kweli, ya basi ingekufaa zaidi, maana mvuto wake upo kwenye mizunguko ya chini ambako unauhitaji.

Sababu ya tatu ya watu kubadili injini haina uhusiano na nguvu kabisa, nayo ni spea. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na Brazili waliendelea kufunga injini ya upepo kwenye Kombi, basi dogo la Volkswagen, hadi mwishoni mwa 2005. Kwa hiyo vifaa vya ile 1,600 vipo vipya, vinatengenezwa na wengi, vizuri na vibaya. Vya injini zilizotangulia ni vichache, na kadiri unavyorudi nyuma vinazidi kuadimika. Mtu mwenye Porsche 356 iliyopoteza injini yake huangalia bei ya injini halisi, anakaa kimya siku mbili, kisha anafunga ya 912 ambayo ni ndugu wa damu. Asiyeweza hata hiyo hufunga ya Volkswagen, na gari linatembea, maana 356 za mwanzo kabisa zilizaliwa na injini iliyotoka kwenye Beetle.

Familia nyingine zina hadithi zao. Fiat 500 ndiyo rahisi kuliko zote. Ilianza mwaka 1957 na cc 479 na nguvu farasi 13. Nakuachia uwaze mlima wako kwa nguvu hiyo. Fiat 126 iliyoifuata ilikuja na cc 594, baadaye 652 yenye nguvu farasi 24, na injini ni ya ukoo uleule, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Nusu ya wanaobadili hawafuati hata injini, wanafuata giaboksi ya 126. Ya 500 haina sinkro (vifaa vya kulinganisha kasi ya gia), inataka ukanyage klachi mara mbili kila unaposhusha gia, na kuna jamaa za watu ambazo hazitaki kujifunza hilo. Kwa wenye Citroën 2CV, mwenye gari la cc 375 anaota 602, na mwenye 602 anaota ile ya cc 652 ya Citroën Visa, yenye mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi. Wenye Porsche 914 ya silinda nne huota silinda sita ya 911, na hao nawaelewa, kwa sababu kiwanda kiliuza 914 ya namna hiyo kati ya 1970 na 1972 na nafasi ya injini hiyo imo tayari. Ila wasikimbilie ile ya lita 2.7 kwa kuwa ni ya bei nafuu. Bloki yake nayo ni ya magneziamu, na ugonjwa wa stadi kung'oka unaijua vizuri.

Siwezi kupita bila kutaja Chevrolet Corvair. Ni gari la Kimarekani la 1960 hadi 1969, injini nyuma, silinda sita, upepo. Wapenda magari ya mchangani walioziona injini hizo kwenye vyuma chakavu walizifunga kwenye giaboksi za Volkswagen, kwa kutumia bamba la kuunganishia. Tatizo ni kwamba injini ya Corvair inazunguka kinyume. Ukiifunga tu ukawasha, utakuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Tiba yake ni kufungua difu (gia zinazogawa nguvu kwenda magurudumu) na kuhamishia gia kubwa upande wa pili, au kutafuta kemshafti (shafti inayofungua valvu) iliyochongwa kwa ajili ya mzunguko wa kinyume. Naitaja kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wauzaji hawakitaji: kukaa kwa bolti hakuthibitishi kwamba injini na giaboksi vinasikilizana.

Kuhusu ile ya rejeta ya rafiki yako: ni injini nzuri, sibishani. Kuna watu wanafunga za Subaru kwenye mabasi ya Volkswagen na wanafurahi. Lakini lazima upate mahali pa rejeta, utoboe njia ya mabomba, ubadili umeme wote, na mfumo wa kupasha joto ndani, ambao kwenye gari lako unatumia joto la ekzosi, unakufa. Hapo umeshatengeneza gari jingine lenye sura ya lile. Na mlio, jamani. Kuna watu watakaokuambia mlio si sababu. Usiwaamini; ukimuuliza mwenye gari la upepo kwa nini hakufunga injini ya maji, akimaliza kutaja sababu zote za kihandisi atafika kwenye mlio.

Sasa gari lako. Kabla hujanunua chochote, hakikisha injini uliyonayo ni dhaifu na si mgonjwa. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Tazama taimingi na nafasi za valvu. Kisha fungua kifuniko cha injini na uangalie ile mpira inayozunguka mabati kuziba nafasi kati ya injini na bodi. Kwenye magari mengi ya umri huo imekauka au haipo, na watu hudhani ni ya kuzuia kelele. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Isipokuwepo, feni inavuta joto lilelile ililolitoa na kulirudisha kwenye silinda. Niliwahi kuletewa Beetle ambayo mwenyewe alishanunua injini kubwa zaidi, ipo kwenye sanduku, kwa sababu ya kwake inachemsha na kupoteza nguvu. Nilipotoa kasha la feni nikakuta kiota cha panya kimeziba nusu ya mapezi ya kipozea oili, na kitambaa cha fundi aliyepita kikiwa kimelala juu ya silinda ya tatu. Tukasafisha, tukaweka mpira mpya. Ile injini ya sandukuni aliiuza.

Ikiwa yako ni nzima na bado inakuchosha, ushauri wangu si Type 4. Ni 1,600 yenye kipozea oili kile cha kibandani, iliyofunguliwa na kufungwa upya na mtu unayemwamini, ikiwa na kabureta yake ya kawaida, bila kuongezewa makeke. Ukaguzi wa kwanza kwenye hiyo uwe silinda hedi: zina tabia ya kupasuka kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi, na ufa huo hauonekani mpaka hedi isafishwe ing'ae. Type 4 ningekushauri pale tu utakapopata injini kamili, na mabati yake yote, na kama kila wiki unasafiri mbali ukiwa umejaza gari.

Tarajia mambo mawili wakati wa kuifunga. Gari la 1963 ni la volti 6, na flaiwili yake ina meno 109 na klachi ya milimita 180. Injini ya 1,600 itakuja na flaiwili ya meno 130 na klachi ya milimita 200, hivyo sehemu ya giaboksi inayofunika flaiwili itabidi isagwe kidogo ndani, na stata na bushi yake vitafutiwe ufumbuzi. Ni kazi ya siku moja kwa anayeijua. La pili ni difu. Yako imepangwa kwa uwiano wa 4.375, kwa ajili ya injini dhaifu. Beetle za mwisho za 1,600 zilikuwa na 3.875. Ukiacha ya kwako mlimani utafurahi na tambarare utasikia injini inapiga kelele bure. Wewe unalia na mlima, kwa hiyo iache kwanza.

Breki zifanye kabla ya injini, si baada. Gari hilo lilipangiwa mwendo wa juu wa kilomita 115 kwa saa, na ngoma zake ndogo zilipangiwa hivyo hivyo. Ekseli zake za nyuma pia huzikunja tairi kwa ndani ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, tabia ambayo kwa nguvu farasi 34 huioni mara kwa mara. Na mahali pengi injini ikibadilika namba yake hubadilishwa pia kwenye kadi ya gari na kwa kampuni ya bima, kwa hiyo uliza kabla fundi hajashika spana.

Injini ya zamani usiiuze na usimwachie fundi "aitunze". Mwaga oili ya zamani, weka mpya, tia vijiko viwili vya oili kwenye kila tundu la plagi, rudisha plagi, ziba milango ya hewa na ya ekzosi kwa tambara safi lililofungwa kwa waya ili lisisahaulike ndani. Iweke juu ya mbao, si juu ya saruji, na kila mwezi shika puli yake uizungushe raundi mbili kwa mkono.